Kivuli cha Wenye Maduka

Nilipoletwa Kisarawe kutoka Gwata hina ilikuwa bado haijanitoka mikononi. Fungate ilipokwisha, mama mkwe wangu aliniamsha kabla ya jua, akanitwika beseni la vitumbua, yeye mwenyewe akabeba birika la chai na kapu la vikombe, tukashika njia ya madukani. Hakuniambia tunakwenda wapi. Tulipofika alitandika jamvi lake, akaketi, akanionyesha kwa kidevu mahali pa kuweka beseni.

"Hapa ndipo tunapokula," alisema. "Shamba letu ni hili."

Mtaa wa maduka wakati ule ulikuwa barabara moja tu ya udongo mwekundu, inayoshuka kutoka Boma mpaka sokoni. Upande mmoja yalikuwa maduka ya Wahindi ya nguo na vyombo. Upande wa pili lilikuwa duka la Mwarabu aliyeuza tende, kahawa na mafuta ya taa, na baada yake nyumba za makuti. Mbele ya duka kubwa la nguo ulisimama mkwaju mzee ulioinamia barabara kama mtu anayechungulia. Chini ya mkwaju ule walikaa wanawake wanaouza: wa machungwa, wa mihogo ya kuchemsha, wa karanga, na sisi wa vitumbua. Watu waliotoka vijijini na mizigo yao ya kopra na makopa ya mihogo walitua pale kwanza, wakanywa chai, wakafuta jasho, ndipo wakaingia madukani.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofika mpaka sokoni. Hakuwa mpole. Siku ya kwanza niliyopika peke yangu alimega kitumbua kimoja, akatafuna kwa muda mrefu, akasema, "Hiki kina msiba. Nani kafa?" Wanawake wote wakacheka, na mimi nikalia. Lakini mteja mmoja alipokataa kulipa akidai vitumbua vya mkamwana ni vibichi, mama mkwe alimshika shati, akamtukana mpaka yule bwana akalipa na kununua vingine. Nikajua kwamba mwenye haki ya kunitukana ni yeye peke yake.

Mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee. Alifanya kazi kwenye vitalu vya miche vya serikali kule Pugu, akiondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, kucha zake zimejaa udongo mweusi. Alikuwa mtu mtaratibu, anayeogopa kugombana. Nilimpenda kwa hilo. Sikujua kwamba ndilo litakalotuumiza.

Ilikuwa kabla ya vita vya pili, tulipoletewa Bwana Shauri mpya, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kijana mwenye shingo nyekundu na Kiswahili cha vitabuni. Huyu hakupenda kukaa ofisini. Kila jioni alitembea mtaa mzima na fimbo yake, akisimama, akitazama, akipima kwa macho. Wenye maduka walimpelekea malalamiko: vumbi linaharibu majora ya nguo, jua linawafukuza wanunuzi, na wenye fedha zao siku hizi wanapanda gari moshi Pugu, wanakwenda kununua Dar es Salaam. Akawaita barazani pamoja na Liwali. Wakakubaliana kwamba mtaa upandwe miti ya mijohoro pande zote mbili, kutoka Boma mpaka sokoni, ili uwe mtaa wa biashara wenye kuvutia macho.

Hakuna mwanamke aliyeitwa kwenye baraza hiyo. Sidhani kama ilimpitia mtu kichwani kwamba sisi nasi tulikuwa na biashara.

Wakahitaji mtu anayejua miche, na mume wangu akaletwa kutoka Pugu. Alipewa kaptura na shati la kaki, kofia nyekundu, na jina: mlinzi wa miti. Sitasema uongo, siku ile tulifurahi. Sasa mume wangu angelala nyumbani kila siku. Niliipiga pasi kaki ile mpaka ikasimama yenyewe, na mama mkwe alimzunguka mwanawe mara kadhaa, akimvuta kola, akasema, "Baba yako angekuona, angekuamkia wewe."

Wiki iliyofuata walivuta kamba. Bwana Shauri alisimama juu kwenye ngazi za Boma, jicho moja amelifumba, na vibarua wakapigilia vigingi kufuata mstari. Kamba iliponyooka, mkwaju ukaonekana umekaa nje ya mstari, mguu wake mmoja kwenye nafasi ya mjohoro na mwingine barabarani.

Usiku wa siku ile mume wangu hakugusa ugali. Mama yake akamtazama.

"Una homa?"

"Sina, mama."

"Basi kula. Au chakula cha serikali kina chumvi zaidi?"

Akanawa mikono upya, kama anayejiandaa kuswali. Akasema, "Mama, mkwaju utakatwa."

"Mkwaju upi?"

"Ule wa dukani. Umetoka nje ya mstari."

Mama mkwe alicheka. Alicheka kweli, akapiga paja. "Mnakata mti ili mpande mti? Mnaondoa kivuli ili mlete kivuli? Bwana Shauri ni mgeni, wewe je? Ulimwambia?"

"Nilimwambia ni mti mzima. Akasema mjohoro ni mwepesi wa kukua. Miaka michache tu, mama, kutakuwa na kivuli mtaa mzima. Si cha watu wanne watano. Mtaa mzima."

"Na hiyo miaka michache tukae wapi?"

Mume wangu alimega tonge, akalirudisha sahanini. Kicheko kikamtoka mama usoni taratibu. Alinyanyuka na sahani yake, akaenda kumalizia chakula nje peke yake.

Vibarua wa kukata walikuja asubuhi, sisi tukiwa tumeshaketi. Waliogopa. Wengine walisema mkwaju wa umri ule hauwezi kukosa mwenyewe, yaani pepo, na anayetia shoka la kwanza hupatwa na jambo. Wakasimama wakitazamana. Mwarabu alitoka dukani kwake na kikombe cha kahawa kuangalia. Mume wangu alitazama juu kwenye Boma, kisha akavua kofia yake nyekundu, akamkabidhi mmoja wao, akachukua shoka. Alisimama mbele ya mama yake.

"Mama, sogea, usije ukaumia."

Mama mkwe alikusanya jamvi, vikombe na birika, bila haraka. Akanisaidia kujitwika beseni. Tulivuka barabara tukasimama kwenye jua, na mwanawe akapiga lile shoka la kwanza. Kazi ile ilichukua siku nzima, na jioni wenyeji walichukua kuni. Mama mkwe hakuchukua hata kijiti, akanikataza na mimi.

Wanawake wengine walihamia nyuma ya soko, karibu na machinjio, kwenye nzi na harufu. Wenye kuuza vya kupikwa walishindwa pale, kwani nani atakula kitumbua kando ya damu? Wawili waliacha biashara kabisa, mmoja akarudi kwao Mzenga. Sisi tulibaki palepale. Mama mkwe alilowesha kanga, akaiweka kichwani, akaketi juani. Mafuta ya vitumbua yaliganda na vumbi, na wateja walinunua wakiwa wamesimama, wakala wakitembea. Tulirudi nyumbani na nusu ya beseni, tukavila wenyewe usiku mpaka nikavichukia.

Kisha kikaja kiangazi, na miche ilihitaji maji. Amri ilitolewa kwamba kila nyumba ya mtaa wa chini, tulikokaa sisi, itapewa mti wake, na wanawake wa nyumba hiyo watauletea maji asubuhi na jioni. Wenye maduka hawakuguswa. Walisema wao wametoa fedha za miche, na kweli walitoa. Mti wetu ulikuwa ule wa mbele ya duka la nguo.

Kisima kilikuwa bondeni. Wanaoijua Kisarawe wanajua mabonde yake: kushuka ni rahisi, kupanda na debe kichwani ni jambo jingine. Kiangazi kile maji yalipungua mpaka tukawa tunakaa kwenye foleni tukisubiri yachuje, tunachota kwa kata. Debe la kwanza lilikuwa la mti. Ukilipeleka nyumbani, kuna anayekuona na kwenda kusema. Mwanamke mmoja jirani yetu alimwogesha mwanawe aliyekuwa na tetekuwanga kwa maji ya mti, na mchana wake akaitwa kwa Liwali.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza, imeshaonekana. Nilimwambia mume wangu mgongo unanikatika.

"Vumilia kidogo," alisema. "Mke wa mlinzi wa miti akikwepa, wengine watafanyaje? Watanicheka."

"Basi upelekee wewe."

"Nina miti yote ya mtaa, mke wangu. Nikianza na huo wataniuliza."

Hakusema kwa ukali. Alisema huku akinikanda mgongo. Na asubuhi nikashuka bondeni.

Mama mkwe alipogundua kwamba ninaamka kabla yake na kwenda kuchota, alininyang'anya debe. Tukawa tunapokezana, yeye mzee na mimi mjamzito, tukilaumiana njiani, kila mmoja akidai mwenzake amejaza sana. Lakini siku moja alishikwa na miguu, nikaenda peke yangu asubuhi na jioni. Nilianza kutokwa na damu nikiwa nimeinama namwagia mjohoro ule. Muuza nguo, nisimnyime haki yake, alikuwa wa kwanza kuniona, akamwita mkewe, wakanilaza kwenye baraza lao mpaka nikafuatwa.

Mimba ile haikufika. Mkunga alisema ni mapenzi ya Mungu. Sikubishana na mkunga.

Mama mkwe alilala chumbani kwangu siku zile zote. Hakunituliza kwa maneno. Aliniogesha, akaninywesha uji, na nilipolia alinifunga kanga kiunoni kwa nguvu, kama anayefunga mzigo usimwagike. Mume wangu alikaa mlangoni. Alitaka kuingia. Mama yake alimwambia, "Nenda kamwagilie miti yako, isije ikafa na yenyewe." Na tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lake. Akawa anamwita Mwenye Miti.

Mijohoro haikufa. Ilikua upesi kama alivyosema Bwana Shauri, na haikupita muda mrefu ikaanza kukutana matawi. Majira yake yakifika ilichanua maua ya manjano mtaa mzima. Vibarua walipaka chokaa mashinani na kwenye mawe yaliyopangwa kando. Vumbi likapungua. Watu walitoka hata Maneromango kuja kununua Kisarawe kwa sababu mtaa wetu ulikuwa na ubaridi, na nasema kweli kwamba ulikuwa mzuri. Mimi niliyeuchukia, nilikuwa nikiinua macho wakati wa maua na kusahau kwa dakika moja kwamba ninauchukia.

Wanawake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kutoka machinjioni. Wakatandika majamvi chini ya mijohoro waliyoinywesha wenyewe. Biashara yetu ilifufuka. Mama mkwe alianza tena kukosoa vitumbua vyangu, na hapo nikajua moyo wake umepoa.

Haikudumu. Wenye maduka walipeleka malalamiko kwamba moshi wetu unaingia kwenye nguo, maganda ya machungwa yanaziba mifereji, na wanunuzi wa heshima hawana pa kupita. Bwana Shauri akasema miti haikupandwa ili mtaa uwe gulio. Yakajengwa mabenchi ya saruji kwa ajili ya wanunuzi kupumzika. Ikaja amri ya kutuondoa, na wa kutuondoa alikuwa mlinzi wa miti.

Alikuja na kaki yake, mikono ameishika nyuma. Wanawake wote waliacha kuita wateja. Alisimama mbele ya mama yake, akasema harakaharaka, kama mtoto anayesoma asichokielewa:

"Imeamriwa kwamba hakuna kuuza chini ya miti. Mnatakiwa kuondoka sasa hivi."

Mama mkwe alikuwa akimimina uji wa vitumbua kwenye kikaango. Alimaliza vishimo vyote, akaweka upawa chini.

"Hujaniamkia," alisema.

Mume wangu akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwenye Miti. Sasa sema ulichotumwa."

Alirudia, sauti imeshuka. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kijiti chake, akaanza kugeuza vitumbua.

"Nimesikia. Sitoki."

"Mama, nakuomba. Wataleta askari."

"Walete. Askari si mwanangu. Akinitoa hatanivunja moyo."

Wanawake wengine walikunja majamvi, wakaondoka, na siwalaumu. Nilibaki naye. Askari wa Boma walikuja, wakamwaga uji wa vitumbua mferejini, wakachukua kikaango na birika, wakamtembeza mama mkwe wangu mtaa mzima mpaka kwa Liwali. Alikwenda ameinua kichwa, akiwasalimu watu kushoto na kulia kama anayekwenda harusini. Mume wangu alifuata nyuma yao kwa mbali. Mimi nilifuata nyuma ya mume wangu.

Liwali alimwambia achague faini au kazi. Mwanawe akajitokeza kulipa. Mama akasema mbele ya baraza, "Fedha ya miti hainigusi. Nipeni kazi." Basi akapewa ufagio, akafagia majani ya mijohoro kutoka Boma mpaka sokoni mpaka adhabu ikaisha, na msimamizi wa kazi hiyo, kwa sheria, alikuwa mlinzi wa miti. Nilimwona mume wangu amesimama kando, kofia mkononi, mama yake akifagia kuzunguka miguu yake bila kuinua macho. Watoto wa madukani walicheka. Muuza nguo alishusha pazia la mlango wake siku ile, akafunga mapema.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa na watu wawili wasiosemezana, na mimi katikati. "Mwambie Mwenye Miti chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Walikuwa wameketi hatua mbili tu mmoja kutoka kwa mwenzake. Nilizaa mtoto wa kike, akaishi, na mama mkwe alimpenda, lakini hata furaha hiyo haikuwakutanisha. Mume wangu alimnunulia mama yake doti za kanga kila Idi. Alizipokea kutoka mkononi mwangu, akazikunja, akaziweka sandukuni zikiwa bado na gundi ya dukani. Tulizikuta hivyo alipokufa.

Alikufa asubuhi, kifua kimembana. Mume wangu alikuwa kazini, anapaka chokaa, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anatarajiwa kutoka Dar es Salaam. Nilimtuma mtoto wa jirani. Alikuja mbio na mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, akakuta tumeshamfunika. Alitaka kumshika, akajitazama mikono, akashindwa. Akatoka nje kutafuta maji ya kunawa. Na yule mgeni, nilikuja kuambiwa, alipita na motokaa yake alasiri ile bila kusimama.

Bwana Shauri alishahamishwa zamani. Mabwana Shauri waliofuata walikuwa na mambo mengine. Vita vilikwisha, maduka yakaongezeka, na ikaamuliwa kwamba miti itatunzwa na wenye maduka wenyewe, kila mmoja mbele ya duka lake, kwa mtumishi wake. Mume wangu akaitwa Boma, akashukuriwa. Waliitaka kaki. Alirudi nyumbani na shati la kuazima, akakaa uani, akaniuliza, "Nikalime wapi?" Shamba la baba yake lilikuwa limeshakuwa pori, na sehemu nyingine ilikuwa imechukuliwa na ndugu.

Tulihamia Visiga, kwa watu wa upande wangu, kando ya barabara ya Morogoro. Alilima mihogo, mimi nikapika chai na vitumbua kwa wapita njia na madereva wa malori. Mwaka wetu wa pili huko nilirudi Kisarawe mara moja, kwenye mazishi. Nilishuka na mtoto wetu wa pili mgongoni, jua kali, nikakaa kwenye benchi la saruji mbele ya duka la nguo nimnyonyeshe. Kijana mgeni wa dukani akatoka, akasimama mbele yangu kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Unanunua kitu?"

"Marahaba. Napumzika tu, mwanangu."

"Samahani, mama. Benchi ni la wateja."

Hakuwa na kosa. Hakunijua. Ningeweza kumwambia mti ule ulio juu ya kichwa chake umekunywa nini. Nilimfunika mtoto, nikanyanyuka, nikaenda msibani.

Sikumweleza mume wangu. Yeye Kisarawe ya moyoni mwake ilikuwa nyingine. Akija msafiri kunywa chai, mume wangu akisikia ametokea upande ule, humsogelea na kigoda chake. "Ulipita mtaa wa maduka? Uliiona mijohoro? Ile niliipanda mimi. Yote. Kwa mikono hii." Na msafiri, kama ni mtu wa adabu, hujibu, "Mzee, umefanya jambo kubwa. Ni mizuri mno." Hapo mume wangu hunigeukia mimi, akanitazama, akingoja niongeze neno.

Mimi huchukua vikombe vichafu, nikaingia ndani.